Maji Yakikatika, Hita Izime: Shajara ya Mradi

Jumatatu

Maji ya Mombasa yanatoka mbali. Mengine yanasafiri ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo, mengine yanavutwa kutoka visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, na mengine yanatoka Marere na Tiwi upande wa Kwale. Ukiyajumlisha yote hayautoshi mji, ndiyo maana kila nyumba hapa inajua siku zake za bomba na siku zake za kumwita mwenye mkokoteni. Nyumbani unajaza mitungi na maisha yanaendelea. Maabara inayochemsha heksani, kiyeyusho cha mafuta kinachoshika moto upesi, haina raha hiyo.

Maabara yetu ni ndogo, iko Shimanzi, na riziki yake kubwa ni kupima kiasi cha mafuta ndani ya mbata, korosho, simsim na mashudu ya kulishia ng'ombe. Kifaa ni Soxhlet, kile alichokieleza Mjerumani Franz von Soxhlet mwaka 1879 alipokuwa akishughulika na mafuta ya maziwa, na tangu hapo hakijabadilika sana. Chini kuna chupa ya duara yenye heksani, katikati bomba la kioo lenye sampuli ndani ya kikombe cha karatasi nzito, juu kabisa kondensa, yaani kipoozeo cha kioo chenye koti la maji yanayopita. Heksani inachemka kwenye nyuzi 69 hivi, mvuke unapanda, kondensa inaupooza, matone yanaangukia sampuli na kushuka na mafuta. Mzunguko huo unakwenda saa sita, na mashudu magumu saa nane.

Maji ya kupoozea yakisimama, mvuke hauna pa kugeukia. Unatokea juu ya kondensa, na kwa kuwa ni mzito kama mara tatu ya hewa, unamwagika juu ya meza na kushuka sakafuni ukitafuta cheche. Mvuke wa heksani unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 22 chini ya sifuri, kwa hiyo joto letu la pwani ni karamu kwake. Chupa ikikauka kabisa, hita inaendelea kuchoma kioo kitupu chenye mafuta yaliyobaki.

Mpaka leo kinga yetu imekuwa mtu. Aliye zamu anakaa karibu na kutupia jicho paipu inayomwaga maji kwenye sinki. Lakini mtu anaswali, anakula, anapokea simu. Tena bomba likielekea kukatika halipigi hodi: uzi wa maji unakonda, unakuwa matone, na feni ya kabati la kufyonzea mvuke inafunika kila sauti.

Kwa hiyo najenga kisanduku cha kukaa kati ya soketi na hita. Sharti nimeliandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari: hita haipati stima mpaka paonekane ushahidi kwamba maji yanatoka upande wa pili wa kondensa. Kulisema hivyo kunabadilisha mchoro mzima. Kifaa kinachongoja habari mbaya ndipo kikate, siku waya wake ukikatika habari haifiki na moto unaendelea. Kifaa kinachodai habari njema kila sekunde, kikikosa habari kwa sababu yoyote ile, kinazima.

Madam, mkuu wa maabara, aliuliza kama kengele isingetosha. Kengele inamwambia aliye karibu. Saa mbili usiku aliye karibu ni mlinzi, naye yuko getini na redio yake.

Jumatano

Leo ni mahali pa kuweka sensa ya mtiririko, yaani kigurudumu kinachozungushwa na maji na kutoa mapigo ya umeme. Wengi huiweka kwenye paipu ya kuingiza, jirani na bomba, kwa kuwa ndiko kuna nafasi. Hapo itadanganya katika tukio baya kuliko yote, yaani paipu ya mpira kuchomoka kwenye kondensa. Maji yatamwagika kwa kasi kuliko mwanzo kwa sababu hakuna tena kinachoyazuia, sensa itazunguka vizuri sana, na kisanduku kitaona kila kitu ni salama huku kondensa ikikauka na sakafu ikilowa. Ikikaa kwenye paipu ya kutolea, hakuna haja ya kujua kilichoharibika ni nini. Paipu ikichomoka, ikikunjika, ikiziba, bomba likikauka, jibu ni moja: maji hayakufika kwenye sensa.

Aina ya sensa nayo ina maneno. Ile YF-S201 inayouzwa kila pembe imetengenezwa kwa lita 1 hadi 30 kwa dakika. Kondensa yetu inataka chini ya lita moja, na kwa mtiririko mdogo namna hiyo gurudumu la ndani linasita, linasimama, linaanza tena. Nimeagiza YF-S401, ambayo kazi yake ni lita 0.3 hadi 6. Hesabu yake ni rahisi: mapigo kwa sekunde ni lita kwa dakika mara 98.

Ubaya wa sensa zote za aina hii ni sumaku iliyomo kwenye gurudumu. Maji yetu hubeba vumbi la kutu kutoka mabomba ya zamani, na sumaku hailiachi lipite. Lazima chujio kitangulie, na kiwe cha kufunguliwa kwa mkono bila spana, la sivyo hakuna atakayekiosha.

Nimepiga pia hesabu ya muda, maana nataka kujua nina nafasi kiasi gani kabla mambo hayajaharibika. Koti la maji la kondensa linabeba kama mililita 150. Katika kazi ya kawaida hita inaingiza wati 150 hivi kwenye mvuke. Maji yakisimama, hayo yaliyomo yatapanda nyuzi moja kila sekunde nne. Yalianza nyuzi 29, kwa kuwa bomba la Mombasa halijui baridi. Dakika mbili baadaye yako karibu nyuzi 60 na hayana tena uwezo wa kupooza heksani. Hapo bado sijatia hesabu ya hita yenyewe, ambayo nyuzi zake za kioo hubaki na moto na kuendelea kuchemsha dakika kadhaa baada ya stima kuondoka. Basi siwezi kungoja nusu dakika. Nimeweka sekunde 10.

Hesabu hiyo ina sharti lake: maji yaliyo ndani ya koti yabaki humo. Bomba la mji likikauka mara nyingi linavuta, na koti litanyonywa likauke kupitia paipu ya chini. Valvu ya kuzuia maji kurudi, ya nusu inchi, ya shaba, inawekwa mara baada ya bomba.

Ijumaa

Nilimpelekea mchoro fundi wetu wa stima, mzee aliyefunga pampu za visima kutoka Kisauni mpaka Ukunda. Aliuangalia, akaugeuza, akacheka.

"Mwanangu, hii si starta ya pampu tu? Mbona waniletea mchoro kama wa meli?"

"Ndiyo hiyo hiyo mzee, ila hii inangoja ruhusa."

"Wataka ikate ikae kimya, au wataka stima ikirudi iwake yenyewe?"

"Ikae, mpaka mtu aje abonyeze."

"Basi kontakta na vitufe viwili. Hivyo vidude vyako vya kompyuta viache kwenye koili, visiguse moto."

Ameeleza kwa ufupi kuliko mimi. Kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya koili. Kitufe cha kijani kinaipa koili stima, kontakta inavuta, na mguso wake mdogo wa pembeni unaishikilia hata ukiachia kidole. Kitu chochote kikiikata koili hata kwa kupepesa jicho, kontakta inaachia na haishiki tena mpaka kijani kibonyezwe. Katika mji ambao stima hupotea na kurudi bila taarifa, hiyo peke yake ni nusu ya kinga. Maji na stima zikiondoka pamoja halafu stima ikatangulia kurudi, hita itabaki imezima.

Njia ya koili inapita mfululizo kwenye kitufe chekundu, rilei (swichi ndogo ya sumaku) inayotawaliwa na maikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya chipu moja iitwayo Arduino, na swichi ya joto ya KSD301 ya nyuzi 45 iliyobanwa kwenye nipo, kile kiungo kifupi cha shaba cha kutolea maji. Swichi hiyo ni kipande cha metali mbili kinachojipinda kikipata joto. Haina programu wala haijui Arduino ni kitu gani. Ndiyo maana naitaka. Hata programu yangu ikipotea njia, maji ya moto yatakata koili yenyewe.

Kijana mmoja wa kompyuta alinishauri nitumie rilei ya semikondakta, ile isiyo na mguso wa chuma, kwa kuwa haina cheche. Ni kweli haina cheche, lakini ikifa mara nyingi hufa ikiwa imejifunga, na stima inapita moja kwa moja. Kwa feni si neno. Kwa kifaa ambacho kazi yake yote ni kukata, hapana. Kontakta nayo miguso yake inaweza kugandana, lakini hita ya wati 300 inavuta ampea 1.25 tu, na kontakta ndogo kabisa ya dukani ni ya ampea 9. Mzee ameunganisha nguzo mbili mfululizo kwenye laini na ya tatu kwenye nyutro, ili igande moja na nyingine ikate.

Wazo lake jingine ni bora kuliko yangu yote ya wiki hii: kitufe chekundu kisikae kwenye kisanduku, kikae mlangoni. Mtu akifungua mlango akanusa heksani, hana sababu ya kutembea mpaka mezani. Abonyeze alipo, atoke.

Jumanne

Mzigo umefika na basi la usiku kutoka Nairobi: sensa, Arduino Nano, kipimajoto cha DS18B20 na vikorokoro vingine. Vifaa vya stima vyote vimepatikana hapa hapa mjini, lakini vidude vidogo namna hii bado ni vya Luthuli Avenue.

Nilianza kwa kupima sensa dhidi ya silinda. Nilifungua maji mpaka silinda ya lita 1 ikajaa kwa dakika 2, yaani nusu lita kwa dakika. Kwa hesabu ya kiwanda yanatakiwa mapigo 49 kwa sekunde, na skrini ikaonyesha 48, 49, 49. Vizuri. Ila namba hiyo ilinikaa vibaya, na sikuijua sababu mpaka nilipokuwa nakunja waya za hita. Stima ya Kenya inakwenda mizunguko 50 kwa sekunde.

Niliuchomoa waya wa sensa kwenye sensa yenyewe, nikauacha upande wa Nano, nikaulaza sambamba na waya wa hita kwa urefu wa mkono mmoja. Ncha ilikuwa hewani, haikugusa kitu. Bomba nimelifunga, sinki kavu. Skrini ikaandika 50. Ikaandika 50 tena, halafu 51, halafu 50. Nilipoushika kwa vidole namba zilitulia kabisa kwenye 50. Waya uliokatika ulikuwa unaripoti mtiririko mzuri kuliko sensa nzima.

Stima ilikuwa inajifanya maji, na kwa kiwango kile kile nilichokuwa nimekikusudia kiwe cha kazi. Sijui ni wangapi wamejenga vifaa vya namna hii kwa nusu lita kwa dakika wakaridhika kwa kuwa kila wakifunga bomba kilizima. Ukifunga bomba kinazima. Siku waya utakapochomoka ndipo hakitazima.

Tiba ya kwanza ni ya kawaida: rezista ya kilo-ohmu 4.7 kutoka volti 5 hadi kwenye waya wa mapigo, upande wa Nano, na waya wenyewe uwe ule wa kuvikwa shaba, mbali na waya za hita. Mvumo huo wa stima ukapotea, skrini ikarudi 0. Lakini rezista nayo ni kiungo kimoja, na kiungo kimoja kikilegea turudi pale pale? Kwa hiyo tiba ya pili imo kwenye namba. Mtiririko wa kazi sasa ni lita 0.7 kwa dakika, ambao ni mapigo 69. Ruhusa inatolewa kati ya 54 na 93 tu. Hamsini inasomeka "hakuna maji". Mia, ambayo ni mvumo ule ule ukihesabiwa maradufu, nayo inasomeka "hakuna maji".

Mpaka wa juu unaleta faida nyingine. Maji yakirudi baada ya mgao, hewa ndiyo hutangulia, ikipuliza na kukohoa, na inazungusha gurudumu la sensa kama tiara. Mwenye mita nyumbani anajua habari hiyo kwa bili yake. Bila mpaka wa juu, kisanduku kingeihesabu hewa kuwa maji mengi.

Tiba ya tatu ni adabu ya kuanzia. Kabla ya kukubali kitufe cha kijani, programu lazima ione sifuri kwa sekunde 5 bomba likiwa limefungwa, ndipo ione maji. Sensa inayopiga mapigo bomba likiwa limefungwa inajitangaza yenyewe, na siku hiyo hakuna kuchemsha.

Alhamisi

Kutwa nzima nimeshinda na swali la maikrokontrola kuganda. Programu ikikwama wakati pini ya rilei, yaani mguu wa chipu unaoiamuru rilei, iko juu (ina stima), rilei inabaki imevuta milele, na sensa inaweza kupiga kelele itakavyo. Nano ina saa ya mlinzi ndani yake, ambayo isipoguswa kwa muda uliopangwa inaianzisha programu upya. Naiweka sekunde 2. Lakini mlinzi huyo anaishi ndani ya chipu ile ile anayoilinda.

Kwa hiyo rilei haipati stima kutoka kwenye pini moja kwa moja. Pini inapiga juu-chini mara elfu moja kwa sekunde, mapigo hayo yanapita kwenye kapasita, kisha dayodi mbili na kapasita ya pili, ndipo yanafungua transista ya rilei. Kapasita haipitishi umeme uliosimama. Pini ikigandia juu, hakuna kinachopita. Ikigandia chini, vivyo hivyo. Ni lazima programu iwe hai, inazunguka, inahesabu, na kila mzunguko ipige pigo lake. Ni senti chache za vifaa, na ndicho kipande cha mradi huu ninachokipenda kuliko vyote.

Kisanduku kimefungwa ukutani, juu ya kiwango cha macho, nje ya kabati la mvuke na mbali na meza. Kontakta inatoa cheche kila inapoachia, na mvuke wa heksani hutambaa chini. Kisanduku ni cha plastiki chenye mpira kwenye mfuniko. Bodi yenyewe nimeipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, kila mahali isipokuwa kwenye miguso, maana hewa ya chumvi ya hapa inageuza shaba kuwa kijani kabla mwaka haujaisha. Duka la vipodozi lilinitazama kidogo.

Jumamosi

Majaribio, bila heksani. Kwanza taa ya wati 100 mahali pa hita. Geti valvu nikaifunga ghafla: sekunde 10, kontakta ikasema tak, taa ikazima. Nikaifunga polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko: chini ya mapigo 59 king'ora kidogo kikaanza, chini ya 54 ikahesabu na kukata. Nikachomoa paipu ya chini, ya juu, nikaikunja kwa koleo. Nikachomoa waya wa sensa, waya wa kipimajoto, nyaya za volti 5. Nikazima soketi na kuiwasha: taa haikuwaka. Nikaigandisha programu kwa makusudi kwa mzunguko usio na mwisho, na pini ikiwa juu. Rilei ikaachia papo hapo.

Halafu chupa ya maji ya kawaida kwenye hita, yachemke kweli, kondensa ifanye kazi. Kwa lita 0.7 kwa dakika, hata wati zote 300 zikiishia kwenye maji ya kupoozea, hayapandi zaidi ya nyuzi 6 na kidogo. Kipimajoto cha kutolea kilionyesha 32 na kukaa hapo. Mpaka wake nimeuweka 40, chini ya ile swichi ya metali ya 45.

Madam aliuliza kuhusu tangi la juu ya paa, ambalo ndilo linatupa maji siku za mgao. Nilidhani swali dogo, kumbe ndilo lililonipa kazi. Maji ya bomba la mji yanapungua polepole na king'ora kinapata nafasi. Tangi la paa halifanyi hivyo. Chini ya tangi liko mita 4 juu ya meza, na likijaa maji yana kimo cha mita 1 zaidi. Mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha kimo, kwa hiyo tangi likishuka kutoka kujaa hadi kukaribia kukauka, mtiririko unapungua asilimia 11 tu: kutoka 0.7 hadi 0.62, bado ndani ya ruhusa. Halafu ghafla hewa. Kisanduku kitakata, ndiyo, lakini sampuli ya saa tano imeharibika. Nimeongeza flota ndani ya tangi, ya kuonya tu, isiyo na uwezo wa kuruhusu wala kukata chochote.

Kuna aliyependekeza pia valvu ya solenoidi, inayoendeshwa kwa umeme, ya kufunga maji paipu ikichomoka, ili tusifurike. Zile za mashine ya kufulia zinataka shinikizo la angalau baa 0.2 ndipo zifunguke vizuri, sawa na mita 2 za kimo. Kwetu ingepita, lakini kila kizuizi kinachowekwa kwenye njia ya maji ya kupoozea ni njia mpya ya maji kukosekana. Mafuriko tutapiga deki.

Wiki ya kwanza kazini

Heksani sasa, na mashudu ya kweli. Jambo la kwanza lililojitokeza halikuwa la usalama. Lita 0.7 kwa dakika kwa saa sita ni lita 252 zinazokwenda kwenye sinki, zaidi ya mitungi 12, katika mtaa ambao watu wananunua mtungi. Kumwaga maji hayo mbele ya macho ya watu ni aibu. Tumeweka pipa la lita 200 chini ya meza na pampu ndogo ya kuzama, maji yanazunguka. Kwa wati 150 kwa saa sita, pipa linapanda joto kama nyuzi 4: linaanza 29, linamaliza 33. Kwa heksani hakuna tatizo. Anayefikiria kutumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 34.6, aende akafanyie kazi hiyo Limuru, au alete barafu.

Siku ya tatu, katikati ya kazi, king'ora kililia na kontakta ikaachia karibu mara moja. Nilianza kukagua sensa, chujio, pampu. Pampu ilikuwa inavuta hewa. Pipa lilikuwa nusu, na mama anayetusafishia alikuwa anapiga deki korido ya nje.

"Mama, maji haya umeyapata wapi?"

"Kwenye pipa lenu, mwanangu. Bomba kavu tangu asubuhi, na nyinyi mmejaziwa maji yamekaa tu. Ningeacha pakae hivi?"

Alikuwa na haki. Hakuna aliyemwambia, na kwa mtu aliyekulia kwenye mgao wa maji, pipa lililojaa ni la kuchotwa. Hita ilikuwa imezima kabla sijafika mezani, kondensa baridi, hapakuwa na harufu. Pampu nimeishusha mpaka chini kabisa, pipa lina mfuniko wa kufunga, na mama amepewa mtungi wake ambao sisi ndio tunaujaza jioni.

Leo

Vilivyobaki ni vidogo. Chujio kinataka kuoshwa kila Ijumaa, na nimekitundikia karatasi ya kutia sahihi. Sensa ya akiba imo kwenye droo, gurudumu lake halijaloweshwa. Jaribio la kufunga bomba linafanywa kila asubuhi kabla ya kitufe cha kijani, jambo ambalo programu inalidai yenyewe kwa hiyo halitegemei kumbukumbu ya mtu.

Meza ya pili nayo inataka chake, kwa ile mashine ya kuvukiza ethanoli kwa kuzungusha chupa. Kondensa yake ni kubwa, na mwenye meza ameomba lita 1.5 kwa dakika. Hiyo ni mapigo 147, nami sitaki kitu chochote karibu na 150, kwa kuwa mvumo wa stima una tabia ya kujitokeza kwa mara tatu ya 50 pia. Nimempa lita 1.25. Ni mapigo 122, ruhusa kati ya 108 na 142. Amelalamika kwamba maji ni machache. Nimemwonyesha hesabu ya joto, akasaini.